Kioo Juu ya Mdomo wa Kalibu

Nyinyi vijana wa karakana, mimi ndiye yule mwanamke mliyeniambia kwamba alikufa.

Mtaikumbuka siku ile. Mwalimu wenu Denisi alikuwa ameniita nije niwaonyeshe kalibu za udongo, maana ile plasta yenu inaagizwa mbali na ilikuwa imewaishia. Nilikaa kwenye kiti, miwani yangu myeusi usoni, nikaitazama mashine yenu ya kompyuta ikichapa umbo la pete. Niliposema imenishangaza sikuwa nawapamba. Inakwenda inarudi, inakwenda inarudi, kama mtu anayefagia uwanja, na kila ikipita inaacha utando mwembamba juu ya utando. Tukanywa chai, tukaongeza, na pete ikawa imesimama pale bila mkono wa mtu kuigusa.

Kisha nikaona Jenesta ameweka koleo chini na kwenda kukaa mlangoni.

"Jenesta, wewe huwashi moto?" nikamuuliza.

"Leo yeye hagusi, bibi," akajibu Frenk.

"Anaumwa?"

Mkacheka. Jenesta akatazama vidole vyake vya miguu.

"Ni mwiko wa kazi, bibi," akasema Frenk, tena kwa adabu, kama mtu anayemfundisha mzee. "Zamani huko Nyaishozi kuna mwanamke alimimina fedha akiwa kwenye siku zake. Kalibu ikampasukia. Akapofuka macho yote mawili."

"Ikawaje?"

"Akafa."

"Pole yake," nikasema. "Alizikwa wapi?"

"Hatujui, bibi. Alikuwa Mrundi."

Nikamalizia chai yangu. Ningeweza kuvua miwani palepale. Lakini mimi nikiongea hukasirika, na nikikasirika naruka mambo. Nikiandika nalazimika kwenda polepole, maana shule yangu iliishia darasa la nne na kila neno nalipanga kama tofali. Kwa hiyo someni taratibu. Na msiniite bibi. Kilichonizeesha ni uso, si miaka.

Naitwa Leokadia. Baba yangu alitoka Burundi kuja kulima vibarua kwenye mashamba ya kahawa, akaoa, akapewa kiwanja Kituntu, akatundika mizinga. Mimi nikawa ndiye wa kuchuja asali na kuchemsha nta. Miaka michache baada ya vita kulikuwa hakuna sabuni, hakuna mafuta ya taa, na nguo ilikuwa ya foleni, lakini nta tulikuwa nayo. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, wenzangu wameshaolewa, niliposikia kwamba kuna fundi Nyaishozi anahitaji nta. Nikajitwika, nikaenda kwa miguu.

Fundi huyo ni Anaseli. Andikeni jina lake, maana alikuwa hodari na nitamsema vibaya, yote mawili ni haki yake. Alikuwa mzee mfupi, Mlutheri wa kusali kweli, mwenye nyusi zilizoungua mara nyingi hadi zikakata tamaa ya kuota. Alijifunza kwa sonara mmoja wa mjini, kisha akarudi kwao akaendelea na udongo wa kwao. Siku ile alinikuta nimekaa uani nikimsubiri amalize kula, na kwa kuwa mikono yangu haijui kutulia nilikuwa nimebana kipande cha nta nikatengeneza tunda la kahawa, na kitovu chake, na kale kamstari kanakoonekana tunda likikauka.

Akalichukua. Akaligeuza.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna, mzee. Nimeyachuma mengi tu."

"Kesho uje na mikono yako," akasema. "Nta uache, ninayo ya kutosha."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini. Kwetu mgeni akifika hupewa akamwani, zile kahawa zilizochemshwa na majani zikakaushwa, atafune huku anaulizwa habari za kwao. Fundi aliona kwamba bibi harusi akivaa tunda la kahawa la fedha shingoni, kila mtu ataelewa bila kuambiwa kwamba amekaribishwa. Na kweli wakaanza kuja, wa Chonyonyo, wa Kituntu, hadi wa Kyerwa, ambako wakati ule kulikuwa bado ni wilaya hiyohiyo ya Karagwe. Walikuja na shilingi za zamani zenye kichwa cha mfalme, na rupia za babu zao, na vipande vya vitu ambavyo hatukuuliza vimetoka wapi. Fundi aliyeyusha, mimi nikafinyanga nta. Wateja walimsifu Fundi kwa matunda yangu. Wakati ule sikuona vibaya.

Sasa nisikilizeni kuhusu udongo, maana hapo ndipo mnapoharibu.

Udongo wa ndani, ule unaogusa nta, uwe wa kichuguu. Upondwe, uchekechwe kwa kitambaa cha kanga mpaka ukiusugua kwenye jino usisikie mchanga. Uchanganye na kinyesi cha ng'ombe kilichokamuliwa maji. Hapo wengine huwa mnabana pua. Baneni tu, lakini changanyeni. Makapi yaliyomo huungua na kuacha vitundu vidogo visivyoonekana, hewa inapitia humo fedha inapoingia. Bila hivyo hewa inakwama, na pete inatoka na pengo.

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa hapo kwenye kinyesi. Nilikusanya cha ng'ombe wa jirani, kwa kuwa alikuwa karibu, na zizi la Fundi lilikuwa mbali bondeni. Kalibu zikakauka vizuri, zikachomwa, tukamimina. Tulipovunja, bangili ikatoka ina mapele kama ganda la fenesi, na udongo umeng'ang'ania kama umegeuka kioo. Fundi hakunipiga wala hakupayuka. Akanusa kile kigae.

"Ng'ombe wa nani huyu?"

"Wa jirani, Fundi."

"Anakula nini?"

"Maganda ya ndizi. Yuko zizini siku zote."

"Basi umeniletea magadi," akasema. "Ganda la ndizi lina chumvi, na chumvi inayeyusha udongo. Mimi nataka ng'ombe wa kutembea. Ng'ombe wa kukaa ni wa maziwa."

Alicheka mpaka akaketi. Akawasimulia watu juma zima kwamba Leokadia anataka kuvisha wasichana fenesi. Huyo ndiye Anaseli niliyempenda. Lazima niwaambie kwamba nilimpenda, la sivyo yanayofuata hamtayaelewa.

Baada ya matabaka matatu ya udongo laini, unafunika kwa udongo mzito wenye nyuzi za mgomba. Halafu unasubiri. Kusubiri ndiko fundi mwenyewe. Kalibu zetu tuliziweka kwenye kichanja cha jikoni juu ya mafiga, kule kwenye moshi, na zilikaa siku nyingi, zaidi wakati wa mvua. Joto la kichanja ni kavu. Linavuta maji taratibu kutoka ndani. Baada ya hapo ndipo unaigeuza kalibu mdomo chini juu ya makaa hafifu, nta inachuruzika, unaikinga uitumie tena. Kisha unaipandisha moto mpaka mdomo wake uwe mwekundu, unaigeuza mdomo juu kwa koleo, na unamimina fedha ikiwa bado ya moto. Kama ukuta wa kalibu una maji ndani, maji hayo yanageuka mvuke, na mvuke haubishi hodi.

Nyumbani kwa Fundi kulikuwa na mpwa wake, Projestus. Alikuwa wa rika langu, mrefu, mwenye sauti nzuri ya kwaya. Yeye ndiye angerithi kazi, kila mtu alijua, na yeye alijua kuliko wote. Kazi yenyewe hakuipenda. Alipenda kusimama barabarani na nguo iliyopigwa pasi. Lakini tangu wateja waanze kuulizia "matunda ya yule msichana", akaanza kuja karakana kila siku kunitazama.

"Kibarua," aliniita. "Kibarua, umeamkaje?"

"Vizuri, Bwana Mkubwa. Leo umekuja kufanya kazi au kuoga jua?"

"Nimekuja kuangalia mali ya ukoo."

"Basi angalia na mivukuto. Inakuangalia pia."

Fundi alicheka. Projestus alicheka kwa meno tu.

Ikaja kazi ya bibi harusi wa Kyerwa. Baba yake alitaka mkufu wa matunda ya kahawa, na herini, na bangili mbili, vyote vya mwanaye mmoja wa kike. Nilifinyanga nta ile kama sitafinyanga tena. Niliweka hata tundu la mdudu kwenye tunda moja, Fundi akasema litoe, nikasema liache, akasema liache. Tukatengeneza kalibu tatu, nene, kwa sababu vitu vilikuwa vingi. Tukaziweka kichanjani. Fundi akasema yeye anakwenda Bukoba kwa dada yake mgonjwa, mimi nirudi Kituntu kuvuna maharage yetu, na siku ya kuchoma tutakutana wote.

Mvua ikanyesha wakati wa mavuno, mvua isiyo na haya. Niliporudi Nyaishozi nilizikuta kalibu uani, zimeanikwa juani, kavu, nyeupe kwa nje.

"Mbona ziko nje?" nikamuuliza Projestus.

"Zimekauka. Nimezishusha leo asubuhi."

"Kutoka kichanjani?"

"Unataka kutoka wapi, mbinguni?"

Nikaigonga moja kwa kidole. Sauti ilikuwa nzuri. Hapa ndipo na mimi ninapojitaja kwenye orodha ya wenye makosa, maana sauti ya kalibu hutoka nje, haitoki ndani, na mimi nilikuwa nalijua hilo.

Tukawasha asubuhi, Fundi akiwapo, na baba wa bibi harusi naye amekuja kushuhudia. Nta ya kalibu ya kwanza ikatoka. Nikasikia harufu ya ndizi mbivu. Nakumbuka nilijiambia, jirani anakamua rubisi, pombe yetu ya ndizi. Tukapandisha moto. Mdomo ukaanza kuwa mwekundu. Fundi akasema, "Geuza." Nikaikamata kalibu kwa koleo nikainama kuigeuza.

Sikusikia mlio. Wengine wanasema ulisikika barabarani. Mimi niliona weupe, kisha nikaona nimekaa chini, na mama mmoja ananimwagia maji ya kunywa. Kigae chenye moto kilikuwa kimeingia kwenye jicho la kushoto. Kwa hiyo kwanza, Frenk, sikumimina. Fedha ilikuwa bado kwenye chungu chake. Pili, ni jicho moja. Tatu, mnaniona, sikufa.

Hospitalini walilitoa. Sitasimulia. Nilikaa huko majuma kadhaa, mama yangu akilala sakafuni chini ya kitanda changu, na kila aliyekuja kunisalimia alikuja na habari iliyotangulia mbele yangu. Baba wa bibi harusi alikuwa amefoka: kazi yake imeharibika, mkosi umemwangukia binti yake kabla ya ndoa, nani atajibu? Na Projestus, mbele ya watu wote, akasema, "Muulizeni Leokadia kama yuko safi."

Neno hilo lilikuwa la Projestus. Lakini aliyelipigia muhuri ni Fundi Anaseli. Alisimama, akatazama moto, akasema, "Wazee walikuwa na omuzilo, mwiko wao. Waliofua chuma hawakuruhusu mwanamke wa siku zile karibu na tanuru. Mimi nilidharau." Mlutheri yule, mwenye kusali! Watu wakaitikia. Hiyo ndiyo siku mwiko wenu ulipozaliwa. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi kwenye moto ule miezi yote na siku zote za miezi, na fedha haikuwahi kuniuliza.

Na siku zangu zilikuwa zimekwisha juma lililotangulia. Hakuna aliyeniuliza. Mlitaka nitoke hospitalini nisimame mbele ya wanaume nitangaze?

Nilitoka nimefungwa bendeji, nikaenda Nyaishozi moja kwa moja. Mama alinisihi nisiende. "Utawaambia nini wenye nyumba, sisi wageni?" Nikamwambia anipe kioo chake, kile kidogo cha mviringo cha kujitazamia kanisani. Akadhani nataka kujiona uso. Akalia, akanipa.

Kalibu mbili zilizobaki zilikuwa bado zimesimama pembeni mwa karakana, hakuna aliyethubutu kuzigusa. Fundi alikuwapo, Projestus alikuwapo, na majirani wakasogea, maana mtu aliyepata ajali ni tamasha. Nikasema, "Shikamoo, Fundi." Akaitikia kwa sauti ndogo. Nikaomba makaa kidogo. Nikaisogeza kalibu moja pembeni mwa makaa, mbali, ipate joto la kuku kuatamia. Nikangoja. Kisha nikaweka kioo juu ya mdomo wa kalibu.

Kioo kikafunga ukungu. Kikafunga mpaka maji yakakusanyika yakadondoka.

"Mmeona," nikasema. "Imeanikwa juani, ikakaa hapa majuma yote haya, na bado inatoa jasho. Mwanamke gani yuko humo ndani?"

Jirani mmoja akacheka. Projestus akasema kioo kimepata pumzi yangu. Nikampa kioo akishike yeye, au ampe yeyote apendaye. Kikafunga ukungu tena.

Hapo ndipo nilipoigeuza ile kalibu, nikaona ubavu wake. Ulikuwa na mistari. Mistari myembamba iliyolala pamoja, sambamba, imepiga chapa kwenye udongo kuanzia chini hadi juu. Hakuna mtu wa kwetu asiyeijua mistari hiyo. Ni jani la mgomba. Na jani haliachi chapa kwenye udongo mkavu. Mtu alikuwa amezifunga kalibu zangu kwa majani zikiwa bado mbichi, na mahali tunapofunika kitu kwa majani ya mgomba kipate joto ni mahali pamoja tu: shimo la kuivishia ndizi za pombe. Shimo lile lina joto, ndiyo. Lakini ni joto la jasho. Ukitia kitu kikavu humo, kitatoka kimelowa.

"Projestus," nikasema, "kalibu hizi zilikuwa shimoni."

"Zilikuwa kichanjani."

"Kichanjani kulikuwa na nini wakati wa mvua?"

Mtoto wa jirani akajibu kwa niaba yake, kwamba maharage ya ukoo yalinyeshewa yakawekwa kichanjani. Mama yake akamfinya.

Fundi Anaseli aliichukua kalibu. Alipitisha kidole gumba kwenye ile mistari, polepole, kutoka chini kwenda juu. Yule mtu aliyemjua ng'ombe kwa kunusa kigae! Alijua. Nilimwona akijua. Nikangoja aseme neno moja tu, la mtu mzima, na mimi ningerudi kwenye benchi langu na jicho moja bila kinyongo.

Akaiweka chini. Akasema, "Leokadia, nenda nyumbani ukapumzike. Mungu atakuponya."

Basi. Projestus ndiye angemzika, Projestus ndiye wa damu. Mimi nilikuwa mikono tu. Nikaokota kigae kimoja kutoka pale ilipopasukia ile ya kwanza, chenye mistari ileile, nikakifunga kwenye pindo la kanga na kwenda. Kwa hiyo mkiniuliza nani nambebesha lawama zaidi, nitawaambia. Projestus alikosea kwa kutojua, kisha akadanganya kwa hofu. Anaseli alijua, akanyamaza. Baadaye nilisikia kwamba alinunua kioo chake mwenyewe na hakuchoma kalibu yoyote tena bila kuipima. Alinunua kioo. Hakusema amejifunza kwa nani.

Nilijaribu kufanya kazi peke yangu nyumbani Kituntu. Nilifanya pete chache, medali za Bikira Maria, vifungo. Lakini wenye harusi waliniogopa. Nilimjua mteja aliyeambiwa habari zangu kwa jinsi alivyorudi nyuma hatua moja. Mama mmoja alikuja na shilingi zake za mfalme kwenye leso, akaniuliza mlangoni, "Na wewe ndiye yule?" Nikasema ndiye. Akasema amesahau kitu nyumbani. Nyumba yake iko Chonyonyo, na hajarudi nacho hadi leo. Miaka ya tisini nikaacha, nikabaki na mizinga ya baba na migomba.

Fundi alipofariki nilikwenda kuzika. Kwetu haiwezekani kutokwenda. Projestus alinikuta nimekaa na wanawake, akainama kunipa mkono, akasema kwa sauti ya mzaha, "Kibarua, bado unatuangalia vibaya? Si una jicho jingine?" Wanawake wakatazama chini. Ndiyo sababu jina lake limo humu mara nyingi.

Yeye kazi ile hakuiweza. Mivukuto ikaliwa na panya. Alifungua duka Nyaishozi, na kwenye duka lake hadithi yangu ikauzwa bure na kila kiberiti. Ikaongezewa jicho la pili, ikaongezewa kifo. Hivyo ndivyo ilivyowafikia, ikamkalisha Jenesta mlangoni.

Sasa turudi kwenu.

Mashine yenu sina ugomvi nayo. Lakini lile umbo inalochapa si nta kama nta ya nyuki, mwalimu Denisi mwenyewe kasema lina plastiki ndani yake. Linapopata moto linavimba kwanza kabla ya kuyeyuka, na likivimba linapasua udongo kutoka ndani. Ndiyo maana kalibu zenu zilikuwa zinachanika, mkalaumu kichuguu changu. Dawa mliiona: tuliyachovya maumbo yenu kwenye nta ya nyuki, mara moja, haraka, yapate koti jembamba. Nta ikatoka kwanza, ikaacha nafasi, plastiki ikapata pa kuvimbia. Na zile ngazi ndogondogo ambazo mashine inaziacha, zikafunikwa. Frenk akasema, "Bibi, hii haimo kwenye kompyuta." Iweke, nikamwambia.

Baada ya hapo nilikuja na kile kigae. Nilikihifadhi miaka yote kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, na kilikuwa kimeanza kumomonyoka pembeni. Sikuwaambia ni cha nini. Niliuliza tu kama mashine yenu inaweza kutengeneza kitu kama hiki. Mkakizungusha mbele ya simu, mkakipiga picha kutoka kila upande, na kompyuta ikakijenga upya kwenye skrini yake, mstari kwa mstari. Nilitazama ule mstari ulioinama pembeni, ambapo jani lilikunjika. Mashine haikuuonea haya. Ikauchapa.

Tukachovya. Tukapaka udongo, ng'ombe wa kutembea. Tukakausha juu ya jiko la Mama Ntilie wa jirani, siku kumi na zaidi, mkinung'unika. Na asubuhi ya kuchoma nikamwita Jenesta pembeni.

"Uko kwenye siku zako?"

"Ndiyo," akasema, machozi karibu. "Samahani."

"Vizuri sana. Chukua koleo."

Frenk akafungua mdomo. Nikampa kioo. "Wewe kazi yako ni hii. Ukiona ukungu, piga kelele. Ukiona hakuna, funga mdomo." Kioo kikafunga ukungu kidogo, akapiga kelele, tukangoja. Akaweka tena. Kikabaki safi, nikaona paji lake la uso ndani yake. Jenesta akapandisha moto, akageuza, akamimina.

Mlipovunja, kikatoka kipande cha fedha chenye ukubwa wa kidole gumba, na mishipa yote ya jani la mgomba. Jenesta akauliza, "Hili jani ni la wapi?" Ndipo nikavua miwani.

Mliyoyaona na mliyosema siku ile ni yenu, siyaandiki.

Ila kuna moja hamlijui. Kipande kile nilikichukua, nikaenda nacho Nyaishozi, nikaingia dukani kwa Projestus. Amenenepa, sauti ya kwaya imekwisha. Hatukupeana shikamoo, sisi ni rika moja. Nilikiweka juu ya kaunta. Akakichukua, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mistari, kutoka chini kwenda juu, kama mjomba wake.

Mteja mmoja akaja, akaondoka bila kuhudumiwa.

"Maharage yalikuwa yanaoza," akasema. "Nilidhani joto ni joto."

Jicho halikurudi, msidhani. Nilichukua kipande changu nikatoka. Lakini nilitaka mjue kwamba mwiko wenu ulikufa pale, mchana kweupe, katikati ya sabuni na viberiti, na aliyeuua ndiye aliyeuzaa. Kipande nimempa Jenesta, akitundike karakana mahali pa koleo. Na yeyote atakayemwambia tena akae mlangoni, mpeni kioo, mwambieni apime kalibu.